Pedali ya breki ikizama



Jumamosi moja tulikuwa safarini kutoka Bukavu kwenda Uvira, ndani ya motokari iliyochukua watu wa arusi. Tulipokwisha kupita Nyangezi, kabla ya kuanza mtelemko wa Ngomo, shofere alisimama kando ya barabara. Alikanyaga breki, akauacha mguu wake hapo hapo, akatulia kidogo. Kisha akageuka, akasema: "Wazazi wangu, hatutelemki."

Makelele yakaanza. Mama wa bibi arusi alilalamika kwamba misa ya ndoa haimngoji mtu. Mzee mmoja akasema: "Mwanangu, breki inashika. Tumekuona ukikanyaga mara mbili, ikashika." Shofere akamjibu kwa heshima: "Inashika, baba, kisha inazama tena. Huko chini penye kona, nani atanipa nafasi ya kukanyaga mara ya tatu?"

Tulishinda pale muda wa saa tano. Tulipofika Uvira ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa, na mama yule hakumwona mtoto wake akitoa ahadi. Jambo hilo lilikuwa chungu, wala hatulidharau. Lakini tulifika sote. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Kati ya maziwa hayo barabara yashuka sana, tena kwa kona nyingi. Hapo si mahali pa kujaribia breki mbovu.

Shofere yule aliufahamuje ubaya kabla haujamfikia? Yafaa kila mwenye motokari, na kila kijana anayetaka kuwa shofere, ajue.

Kwanza tufahamu jinsi breki inavyofanya kazi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu 1623 hata 1662, alieleza kwamba nguvu inayosukuma kitu cha majimaji kilichofungwa ndani ya chombo huenea sawasawa pande zote. Ndiyo kazi ya breki. Mguu wasukuma pedali. Pedali yasukuma pampu kuu. Pampu kuu yasukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba. Na mafuta yasukuma pampu ndogo zilizo kwenye magurudumu, ambazo hubana vibao vya kusugulia juu ya diski au ndani ya ngoma. Mafuta hayo hayapungui ukubwa yakibanwa. Kwa hiyo pedali nzuri ni ngumu chini ya mguu, nayo hubaki mahali pake.

Wanafunzi waweza kujionea wenyewe. Twaeni bomba safi la sindano lisilo na sindano, lijazeni maji, zibeni tundu lake kwa kidole, halafu sukumeni. Halisogei. Sasa mwageni maji, jazeni hewa, sukumeni tena. Linaingia, na ukiliachilia linarudi kama mpira. Basi, mkijua hayo mmekwisha kujua nusu ya ufundi wa breki.

Sasa tuichunguze pedali inayozama. Motokari isimame mahali tambarare, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Mashini izimwe. Tazama kwanza chupa ya mafuta ya breki. Je, mafuta yamepungua chini ya alama? Huenda vibao vimelika, kwa kuwa vibao vikilika mafuta hushuka polepole kwenda kuijaza nafasi yao. Lakini yakishuka kwa siku chache, yanavuja. Tafuta unyevu katika kila gurudumu upande wa ndani, katika mabomba ya chuma na ya mpira, na chini ya pampu kuu, pale inapoungana na pedali.

Halafu kanyaga pedali mara nne au tano kwa haraka. Ikiwa ilikuwa chini, nayo sasa imepanda, imekuwa ngumu na kubaki juu, yaelekea vibao viko mbali na ngoma, vyataka kurekebishwa au kubadilishwa. Ikiwa imepanda, lakini yabonyea kama godoro, kuna hewa ndani ya mabomba. Ni lile bomba la sindano lenye hewa.

Mwisho, kanyaga kwa nguvu ya kadiri, usiondoe mguu, ukahesabu hata sitini. Pedali ikizidi kushuka polepole, mafuta yanakimbia. Kama kuna mahali panapovuja, umepapata. Kama hakuna unyevu popote, wala mafuta katika chupa hayapungui, basi mara nyingi kosa liko ndani ya pampu kuu: mipira yake imechakaa, na mafuta yanapita pembeni yake na kurudi yalikotoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa shofere wetu. Magurudumu yote yalikuwa makavu, chupa ilikuwa imejaa, na pedali ilizama. Fundi aliyekuja kutoka Bukavu aliifungua pampu, akatuonyesha mipira iliyolika. Akatia pampu mpya, akatoa hewa, ndipo tukaondoka.

Lakini jihadhari usidanganyike. Motokari nyingi zina servo, yaani kisaidizi kinachoongeza nguvu ya mguu. Ukiwa umekanyaga pedali, na mashini ikawashwa, pedali hushuka kidogo mara moja, kisha husimama. Huo si ugonjwa. Ni dalili kwamba kisaidizi kinafanya kazi. Ugonjwa ni pedali isiyosimama.

Kuna pedali nyingine ambayo asubuhi ni nzuri, nayo hulegea katikati ya mtelemko mrefu. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 230. Yakiisha kunyonya maji, yaweza kuchemka kwenye digrii 155 hivi. Breki zikipata moto mwingi, mafuta ya zamani huchemka na kufanya mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Breki ikipoa, pedali huwa ngumu tena, na shofere husema: "Imepona." Haikupona. Yabadilishe mafuta hayo kila miaka miwili, au kama kitabu cha motokari kisemavyo; na penye mtelemko tumia gia ndogo, ili mashini isaidie kuizuia motokari.

Tena tuwaonye juu ya mambo matatu. Usitie kamwe mafuta ya mashini katika chupa ya breki, hata kidogo, kwa maana huvimbisha mipira na kuiharibu yote. Usirudishe katika chupa mafuta yaliyotoka wakati wa kutoa hewa. Wala usiseme: "Nitakuwa nikikanyaga mara mbili mbili mpaka mwisho wa mwezi." Kukanyaga mara mbili si dawa, ni kuuficha ugonjwa. Motokari nyingi za siku hizi zina njia mbili za mafuta, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Lakini njia iliyobaki huisimamisha motokari mbali zaidi, nayo ikiharibika hakuna ya tatu.

Na kama pedali imezama nawe uko njiani? Ikanyage na kuiachilia upesi upesi, rudisha gia moja moja mpaka ndogo, vuta breki ya mkono polepole bila kuikaza kwa ghafula, piga honi, ukatafute mahali pa kupanda au ukingo wa udongo upande wa mlima. Ukiisha kusimama, usiondoke tena mpaka fundi afike.

Twajua kwamba fundi hutaka malipo, na pampu mpya si bei rahisi. Twajua pia kwamba shofere anayekataa kuondoka hutukanwa na abiria, na pengine na mwenye motokari. Lakini abiria hawaisikii pedali. Anayeisikia ni mmoja tu, naye ndiye aliyekabidhiwa roho zao. Abiria nasi tuna wajibu wetu: shofere akisema "hatutelemki", tumwulize sababu, tusimharakishe.

Usiku ule huko Uvira, chakula kilipoandaliwa, mama wa bibi arusi mwenyewe ndiye aliyempelekea shofere sahani ya kwanza.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya matairi: jinsi ya kutambua tairi lililochoka kabla halijapasuka.