Vijidudu si wa kabila moja

Wavuvi wa Wagenia hufuma mitego mikubwa ya fito na kuifunga kwenye miti waliyoisimika katikati ya maporomoko. Samaki mkubwa hunaswa, mdogo hupenya. Maji yale yale hubeba na viumbe wengine, ambao hakuna mtego wa kuwanasa wala jicho la kuwaona. Sisi huwaita wote mikrobu, kana kwamba ni ukoo mmoja; na jina hilo moja limetuletea mazoea ya dawa moja. Mtoto akipata homa, mama hununua kapsuli mbili tatu za ampisilini sokoni, akatulia. Homa ya nini? Hakuna aliyeuliza.

Natutazame kwanza bakteria. Huyu ni chembe moja tu iliyo hai, hula, hujigawa ikawa mbili, na imezungukwa na ukuta. Elfu wakipangwa mstari hawafiki urefu wa punje ya mchele. Wengi wao hawana ubaya: ndio wanaochachusha mihogo tunayoiloweka na kusaidia kuiondolea sumu. Lakini bakteria wa kipindupindu ni mwuaji. Mwaka 2011 alizuka Kisangani, akateremka na mto pamoja na wasafiri hadi Mbandaka na Kinshasa. Aliyeshikwa naye hufa kwa kuishiwa maji mwilini. Kwa hiyo apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, na njiani anyweshwe lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Ampisilini huzuia bakteria asijenge ukuta wake. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Asiye na ukuta wa namna ile haimdhuru.

Virusi hana ukuta huo. Hata chembe kamili si yeye. Hali, hakui, huingia katika chembe za mwili wetu na kuzilazimisha zimzae. Ni mdogo mno: yule wa Ebola, aliyegunduliwa mwaka 1976 kwa wagonjwa wa Yambuku, alionekana kwa darubini ya elektroni tu. Surua, mafua na polio ni wa kabila hili. Kapsuli za sokoni hazimwondoi. Chanjo ndiyo ngao iliyo bora kwa surua na polio, nayo hutolewa kabla ya ugonjwa.

Kijidudu wa malaria naye ni chembe moja, lakini mkubwa kuliko virusi, na hana ukuta. Mbu humtia katika damu. Tone moja la damu juu ya kioo, chini ya darubini ya kawaida, humfichua. Naye ana dawa zake mwenyewe. Mtoto anayemezeshwa ampisilini kwa siku 3 amempa adui huyu siku 3 za kuzaana, na kwa mtoto mdogo muda huo waweza kuwa mwingi mno.

Kuvu ni jamaa wa uyoga. Ndiye aletaye choa vichwani mwa wanafunzi, na ndugu yake hamira ndiye augeuzaye utomvu mtamu wa mchikichi kuwa mkali kufikia jioni. Ana ukuta, lakini wa namna nyingine, kwa hiyo hutibiwa kwa dawa nyingine.

Wako pia usubi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi na kueneza ugonjwa upofushao macho. Lakini hapo mkosaji ni mnyoo, si mikrobu, na habari zake ni ndefu. Tutaziandika juma lingine.