Kuingia Chuo Si Kumaliza



Baadhi ya familia zetu zina vijana Marekani, na wapo wanaoanzia masomo katika vyuo vya jamii. Hivi ni vyuo vya ada nafuu, ambamo mtu hupata shahada ya miaka miwili, na akitaka huhamia chuo kikuu. Mlango huo uko wazi kwa maskini na mhamiaji, nalo ni jambo la kheri. Msiba ni kuwa wengi wanaoingia hawamalizi.

Watu husema upesi: wavivu hao! Sisi hatukubali. Tutazame mji wa New York. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji hilo, CUNY, kilianzisha mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi alitakiwa asome muda wote. Naye alilipiwa ada iliyobaki baada ya misaada mingine, akapewa vitabu bure na kadi ya nauli, na akawekewa mshauri wa kuonana naye mara kwa mara. Watafiti waliwagawa kwa kura wanafunzi wa kipato cha chini waliokuwa nyuma katika masomo ya msingi. Baada ya miaka 3, waliokuwa katika mpango walihitimu asilimia 40. Wenzao asilimia 22. Vyuo 3 vya jimbo la Ohio vikaiga: asilimia 35 kwa 19.

Vijana ni wale wale, na akili ni zile zile. Kilichoongezeka ni nauli, kitabu, na mtu wa kuuliza, "Mbona masomo yamekwama?"

Atasema mtu: gharama hizo nani azibebe? Ni kweli kila mwanafunzi aligharimu zaidi. Lakini huko New York, gharama ilipogawanywa kwa idadi ya waliohitimu, kila shahada ilipatikana kwa fedha chache zaidi. Kumbe ghali ni kumsomesha mtu nusu ya njia.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maneno hayo yanamhusu mwanafunzi, na yanakihusu pia chuo kilichompokea na wazazi waliomtuma.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Vyuo visijisifu kwa idadi ya wanaosajiliwa, vihesabu wanaohitimu. Nawe mzazi, usifurahie barua ya kukubaliwa kisha ukanyamaza. Uliza kila muhula: umechukua masomo mangapi, yamebaki yapi, mshauri wako nani? Shahada hii kwa kawaida ni krediti 60. Anayechukua 6 kwa muhula atahitaji mihula 10, na katika safari ndefu hivyo ndipo kazi na shida za nyumbani humng'oa.

Nanyi wanafunzi mnaotarajia kwenda huko, ulizieni msaada huu kabla ya kujisajili, si baada ya kukwama.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kumaliza walichoanza. Amin.

Wabillahi tawfiq.