Umeme ukizima nchi nzima, usimlaumu tumbili

Wapambanaji wenzangu, leo tuongee umeme. Sisi wa kuuza mtandaoni, simu ikizima na duka limefungwa.

Tarehe 7 Juni 2016 Kenya ilikaa gizani masaa kadhaa. KenGen wakatoa taarifa: tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajizima. Mashine nyingine pale zikaelemewa, nazo zikajizima. Zikapotea megawati zaidi ya 180, gridi ya taifa ikalala. Tumbili akapona, watu wakacheka.

Mimi naona tumbili kaonewa. Kama waliobaki hawana nafasi ya kubeba mzigo wa aliyeanguka, chochote kinaweza kuwa tumbili.

Tokyo, 23 Julai 1987, hakukuwa na tumbili. Kulikuwa na joto kali tu. Watu walipotoka chakula cha mchana, matumizi yakapanda haraka. Volteji, yaani ile nguvu inayosukuma umeme kwenye waya, ikaanza kushuka. Hapa ndo pa kushika: volteji ikishuka, viyoyozi vingi vinavuta umeme zaidi ili kazi iwe ileile. Njia za umeme zinazidi kuelemewa, volteji inashuka tena. Mwisho mitambo ikajizima, na wateja kama milioni 2.8 wakakosa umeme.

Biashara zetu zinaanguka hivyohivyo. Umepokea oda mpaka basi, bodaboda ni mmoja, simu moja, chaji asilimia 10, na hela ya wateja umeshaila kwenye mzigo mpya. Umeme ukikatika jioni, unamwandikia mteja "dada samahani, umeme". Kwangu mimi hiyo si sababu. Umeme ulikuwa tumbili tu. Na mteja aliyelipia keki ya mwanae harudi tena.

Najua mtasema mtaji mdogo, jenereta tutatoa wapi? Sijasema jenereta. Nasema acha nafasi:

1. Mimi nauza juisi na keki. Uwezo wangu ni oda 20 kwa siku, napokea 15. Zile tano ni za siku mbaya.
2. Chaji simu na pawabenki umeme ukiwa mzuri, usisubiri jioni.
3. Oda na namba za wateja ziwe kwenye daftari pia.
4. Taa zikififia na friji inaunguruma bila kuwaka vizuri, zima friji. Umeme mdogo unaunguza mota. Ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika chache ndo uwashe.
5. Kuwa na bodaboda wawili unaowaamini.

Wengine wataniambia kukataa oda tano ni kukataa riziki. Sikubali. Oda usiyoweza kuitimiza siku umeme umekatika ni deni, si riziki.

Wewe unaacha nafasi kiasi gani? Tuambiane hapo chini.