Graniti ya Bariadi inatudai jibu

Likizo iliyopita, nje kidogo ya Bariadi, mchimbaji mmoja alinionyesha duara lake katikati ya majabali. "Mdogo wangu, wewe si unasoma mawe? Hapa pana mali au najichosha tu?" Nikaanza: graniti ni mwamba wa moto... Akacheka. "Hayo ni ya kwenye daftari."

Aliniumbua, na alikuwa sahihi. Tunakariri majina ya mawe bila kuuliza yametoka wapi. Graniti nyingi huanzia chini sana, kilomita 20 na zaidi, ambako ganda la dunia hupata joto la nyuzi 700 au zaidi na kuanza kuyeyuka. Uji huo hupanda ukiwa na tabia ya kile kilichoyeyuka. Ndiyo maana mwaka 1974 Chappell na White, kule Australia, walizigawa graniti kwa asili: zilizotokana na miamba ya moto, na zilizotokana na matope ya kale.

Tuje nyumbani. Kyerwa, mkoani Kagera, graniti za takriban miaka bilioni 1 zilitokana na matope yaliyoyeyuka, nazo ndizo zilizoleta bati. Graniti za huku kwetu zina zaidi ya miaka bilioni 2.5 na asili nyingine. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kama ya Geita, hukaa zaidi kwenye mikanda ya kale ya mawe ya kijani, kwenye nyufa zilizopitiwa na maji ya moto. Nikeli ya Dutwa, hapohapo Bariadi, wala haitokani na graniti: mwamba wake una chimbuko chini ya ganda, ukaozeshwa na mvua na jua.

Kumbe jibu lilikuwepo: "Kaka, usizike pesa katikati ya jabali tupu. Anzia pale graniti inapokutana na mawe ya kijani." Si uhakika wa mali, ila ni bora kuliko kubahatisha.

Mtasema hiyo ni kazi ya GST. Sawa, ramani wanachora. Lakini kila mwaka sisi tunakwenda fildi, tunaandika ripoti kwa Kiingereza, zinaishia kabatini. Napendekeza kila ripoti iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kijijini kabla hatujapanda basi kurudi chuo. Bumu letu linatokana na kodi, na ya yule kaka imo.