Mbio za Ugalla zianze na Phoenix ya mkaa

Wana Msimbazi na wana Jangwani, leo naomba mnikopeshe safu hii. Najua umefungua gazeti kutafuta nani kaumia goti na nani anasaini wapi, na hayo yapo kurasa za jirani. Mimi leo nina jambo la Katavi, na halina goli wala kipa.

Kuna mchezo unaitwa mbio za changarawe. Ni baiskeli, lakini siyo zile za lami zenye tairi jembamba kama kidole. Hizi tairi lake ni pana kidogo, lina meno, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo, na zinakimbizwa kwenye vumbi: kokoto, mchanga, na yale mawimbi ya barabara yanayokutingisha mpaka taya. Marekani kuna mbio zilizoanza mwaka 2006 kwenye mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, zikiwa na watu wachache tu. Leo watu wanatoka dunia nzima kwenda kukanyaga zaidi ya km 300 kwa siku moja katikati ya malisho ya ng'ombe. Shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, halikulala. Mwaka 2022 likaanzisha ubingwa wa dunia wa changarawe, wa kwanza ukafanyika Italia.

Sasa cheka kidogo. Wenzetu wanaitafuta barabara ya vumbi isiyo na magari na wanailipia kiingilio. Sisi tunayo bure, tunailalamikia.

Chukua ramani. Toka Mpanda, pita Katumba, nenda Ugalla, vuka mto, utokee Kaliua. Reli nayo inakwenda uelekeo huo huo, km 210 hivi kutoka Kaliua hadi Mpanda, ilijengwa enzi za mkoloni kwa sababu ya madini ya risasi ya Mpanda. Malori na mabasi ya Tabora siku hizi yanakula lami ya Sikonge. Huku Ugalla kumebaki udongo mwekundu, miombo na mininga pande zote, mizinga ya nyuki ya magome imetundikwa juu ya miti, na kimya ambacho ukitoka Kariakoo kinakutia wasiwasi. Mto wenyewe unashuka kwenda Malagarasi na mwisho Ziwa Tanganyika. Kiangazi unakatika vipande vipande, unabaki na mabwawa, na kwenye mabwawa hayo kuna viboko na mamba wanaobanana kama mashabiki wa mzunguko siku ya dabi.

Ila kimya hicho kina wenyewe. Nilipokwenda Mpanda kwa kazi ya mpira, nilichokikumbuka zaidi siyo mechi. Ni wanaume waliokuwa wanaingia mjini alfajiri, kila mmoja na Phoenix yake, gunia mbili za mkaa nyuma, keria imeongezewa nondo na kuchomelewa ili isikatike. Mwingine madumu ya asali. Mwingine mahindi, na mke juu ya mahindi. Gia hakuna. Breki ikifa, ndala inakanyaga tairi. Kwenye kilima anashuka, anasukuma, anapanda tena. Ukimuuliza katoka wapi anakutajia kijiji ambacho wewe ungekodi gari.

Sisi waandishi wa mpira tuna neno, tunasema mchezaji ana pumzi ya mbwa. Hawa jamaa wana pumzi gani?

Ndiyo maana nasema, kama kuna mtu anafikiria mashindano ya changarawe Ugalla, asianze na baiskeli za mamilioni. Akifanya hivyo tutapata picha nzuri za wageni wenye miwani ya rangi, wenyeji wamesimama pembeni wakiuza maji. Baiskeli nzuri ya mashindano ya changarawe inaweza kukutoa hela ya bajaji mpya. Kijana wa Katumba ataipata wapi? Mbio kubwa ya siku hiyo, yenye zawadi kubwa kuliko zote, iwe ya baiskeli ya kazi. Haina gia, ina keria, fremu ya chuma. Ikiwezekana na mzigo juu, gunia lipimwe kwa mizani pale mwanzo na lipimwe tena mwisho, asiwepo mjanja wa kumwaga mkaa njiani.

Unaona ni masihara? Rwanda walianza hivyo hivyo. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Tom Ritchey, fundi maarufu wa baiskeli za milimani, aliandaa kule Rwanda mashindano ya baiskeli za mbao, zile wanazobebea viazi na kahawa, pamoja na baiskeli za chuma zisizo na gia. Alimwalika Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Boyer akaona miguu, akarudi mwaka uliofuata kufundisha. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikuwa kwenye Olimpiki ya London, mbio za milimani, na akamaliza. Septemba 2025 Kigali ikaandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa Afrika, Tadej Pogačar akashinda juu ya vilima vile vile walivyokuwa wanabebea viazi. Hesabu mwenyewe, ni miaka 19. Sisi kwa miaka 19 tumebadilisha makocha wangapi wa Taifa Stars?

Kenya nao wana stori yao. Mwaka 2008 mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, mlima wa Tour de France wenye kona 21. Mmoja alikuwa mng'arisha viatu, mwingine boda wa baiskeli. Zakayo Nderi aliupanda kwa dakika 42 na ushee, muda ambao haukumwaibisha mbele ya watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2021 Kenya wakaanzisha mbio za changarawe kwenye eneo la Maasai Mara, siku nne, km 650 hivi. Wageni wanakuja, wanalala kwenye mahema, wanakula vumbi, wanarudi kwao wakisifia. Na Mwafrika Mashariki anapata kupimana na mzungu bila kuomba viza. Hiyo ya viza ndiyo faida kubwa kuliko zote, muulize mchezaji yeyote wa kwetu aliyewahi kuitwa majaribio Ulaya.

Tanzania siyo kwamba hatuna watu wa baiskeli. Kanda ya Ziwa wanaijua. Shinyanga, Simiyu na Mwanza mbio za baiskeli zinajaza watu barabarani, na Msukuma akikwambia anakwenda kuangalia baiskeli anamaanisha. CHABATA ipo, ndiyo chama chetu. Lakini mashindano yetu mengi yanategemea mdhamini mmoja. Akiamka vibaya mwaka huo, hakuna mbio. Na magharibi kwenyewe, Katavi, huwa tunapakumbuka kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Sasa zipo hoja za kunipinga, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni wanyama. Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, na simba hawajui kama wewe ni mshindani au ni chakula. Sawa. Njia isiingie hifadhini. Barabara ya vijiji inatosha, km 100 kwenda na kurudi, askari wa wanyamapori wawepo sehemu zenye pori nene, na mbio zianze jua limeshachomoza. Ndorobo siwezi kukusaidia. Watakung'ata, wewe kanyaga kwa nguvu.

Ya pili ni usalama wa mwendeshaji. Hapa sitaki utani. Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya Amani na mtu aliyekuwa mbele kabisa kwenye changarawe ya Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio Vermont, Marekani. Alikuwa na baiskeli bora na kofia ngumu kichwani. Kwa hiyo mtu akija na mashindano ya Ugalla bila gari la wagonjwa, bila kofia za kuazimisha kwa kila mwenye Phoenix, bila fundi wa kukagua breki kabla ya kipenga, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika asiruhusiwe.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza. Barabara ya Mpanda, Ugalla hadi Kaliua na Kahama imo kwenye mipango ya lami ya serikali kwa miaka sasa. Mtu wa Ugalla akinisikia nasifia vumbi lake anaweza kunirushia kiatu, na ana haki. Mama mjamzito hahitaji changarawe, anahitaji lami na daraja. Ije hata kesho. Lakini lami ikija, huyu wa mkaa atasogezwa pembeni na malori kama alivyosogezwa kwingine, na pembeni hakuna njia yake, kuna mtaro. Mashindano yakiwepo, angalau atakuwa na jina, na wakubwa waliokaa jukwaani watakuwa wamemuona. Wakichora lami hiyo wachore na mita moja na nusu ya baiskeli kila upande. Siyo ombi kubwa.

Afcon 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, pesa inamwagika kwenye viwanja, na mimi nafurahi kuliko wewe. Ila hakuna mechi itakayochezwa Mpanda. Mbio za Ugalla hazihitaji nyasi wala taa. Zinahitaji halmashauri mbili tatu zikae pamoja, CHABATA walete waamuzi, mdhamini mmoja wa asali au wa simu atoe zawadi ya fedha taslimu na siyo godoro, na wasichana wa Katumba wawe na mbio yao kamili, siyo ya kuchangamsha watu kabla ya wanaume.

Ningeiweka mwishoni mwa Juni. Mvua imeisha, mchanga haujawa mzito, asubuhi ina baridi, Ligi Kuu imekwisha, na sisi waandishi tunakuwa hatuna la kuandika zaidi ya tetesi za usajili.