Mdudu mwenye msumeno kwenye shu zetu



Juma lililopita mama mmoja wa mtaa wetu alinifikia shuleni na majani ya shu yaliyoliwa mpaka mishipa tu. Shu hizo ndizo zingelipa minervali ya watoto wake wawili. Mkononi alishika kichupa cha dawa ya sokoni, hakina jina wala maelezo. «Mwalimu, nipulize leo? Jumamosi ninauzisha.»

Nikamwomba kwanza tumwangalie mdudu mwenyewe. Alikuwa mweusi, mwenye mikunjo, na tulipomgusa akajikunja na kuanguka chini. Tukahesabu miguu. Mtoto wa kipepeo ana miguu ya tumboni isiyozidi jozi 5. Huyu alikuwa na jozi 8. Basi si wa kipepeo: ni mtoto wa inzi-msumeno, ndugu wa nyuki na nyigu. Mama yake ana mwili wa rangi ya machungwa na kichwa cheusi. Hupasua ukingo wa jani kwa kifaa chenye meno kama msumeno, kisha huficha mayai humo ndani.

Kwa nini anapenda shu? Shu, figili na haradali ni jamaa moja. Zote zina ule ukali unaouma ulimi, na ukali huo ni silaha yao ya kufukuza wadudu. Wataalamu waliochunguza inzi-msumeno wa Ulaya waliona kwamba mtoto wake hula ukali huo na kuuweka katika damu yake. Sisimizi akimuuma, damu hutoka haraka, naye sisimizi humwacha. Lakini aliyezoea chakula kimoja amefungwa nacho: maharagwe na mahindi hayali.

Hapo ndipo tunampatia dawa:

Asubuhi, weka beseni la maji ya sabuni chini ya majani, kisha uyagonge kidogo. Ataanguka mwenyewe. Fanya hivyo siku kadhaa, maana mayai mengine huanguliwa baadaye.

Ukisha vuna, lima udongo vizuri, kwa sababu huko ndiko anakolala ndani ya kifuko akisubiri kuota mabawa. Halafu panda maharagwe au mahindi, usirudishe shu.

Ng'oa haradali ya porini kandokando ya shamba. Ni ghala lake.

Na ile chupa? Dawa isiyo na maelezo haikuambii usubiri siku ngapi kabla ya kula. Angepuliza siku ile, Jumamosi sumu ingeingia katika vyungu vya wateja, na katika chungu chake pia.

Mama yule na watoto wake waliokota asubuhi tatu. Shu zilizokwisha liwa moyo hazikupona, lakini nyingi zilibaki na moyo mzima. Aliuzisha pungufu ya alivyotumaini. Minervali ya mtoto mmoja imelipwa, ya pili tumeomba shule imngojee.

Kabla ya kufungua chupa, wamama, tuhesabu miguu.