Bafu la Masta Lianze na Ukuta, Marumaru Baadaye

Chumba kikuu cha kulala, ambacho mafundi na madalali wa Dar es Salaam hukiita masta kwa maana ya chumba chenye choo na bafu lake ndani, hugharimiwa kwa moyo mkunjufu, ilhali bafu lenyewe mara nyingi hubaki kiza mchana kutwa. Ni kwa sababu limebanwa kwenye kipande kilichosalia baada ya sebule na vyumba kupimiwa, likapewa dirisha dogo la luva, yaani la vipande vya vioo vinavyofunguka kwa pamoja, linalotazamana na ukuta wa jirani. Mwenye nyumba anayetaka bafu hilo ling'ae na limfae zaidi huanzia kwenye maduka ya marumaru, jina ambalo wafanyabiashara wamevipa vigae vya kauri, na kwa mtazamo wa safu hii hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea.

Marumaru haizai mwanga. Rangi nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, na mahali ambapo mwanga haukuingia hakuna cha kurudishwa, hata kama vigae ni vya bei ya kuogopesha. Wajenzi wa hamamu, yaani nyumba za kuogea kwa maji moto na mvuke, walilielewa jambo hilo zamani. Katika hamamu ya Kidichi huko Unguja, ambayo Sultani Seyyid Said wa Zanzibar alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, mwanga huteremka kupitia matundu ya duara yaliyotobolewa kwenye kuba, ukatambaa juu ya kuta za lipu zilizonakshiwa, na aliyekuwa akioga hakuonekana na mtu yeyote wa nje.

Nyumba ya kawaida haihitaji kuba ili ipate faida hiyo. Dirisha likipandishwa hadi karibu na dari, mwanga wake hufika mbali zaidi ndani ya chumba kuliko wa dirisha la ukubwa uleule lililo usawa wa kifua, na hoja ya stara, ambayo ndiyo huwafanya wengi wazibe madirisha ya bafu kwa karatasi, huwa imekwisha. Kazi hii ni ya kubomoa na kumwaga lenta mpya, yaani mhimili wa zege unaobeba ukuta juu ya dirisha, na haifai kuachiwa kibarua anayekisia. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi Oktoba, na kwa miezi iliyobaki huhamia kusini likiwa juu sana. Dirisha la pande hizo mbili hukingwa joto na upenu wa kawaida, ilhali la magharibi hupokea jua la alasiri linaloingia limelala na kukifanya chumba kiwe tanuru. Kwa taa, inatosha kusema kwamba mbili zilizowekwa kulia na kushoto kwa kioo huuangaza uso wote, tofauti na moja ya darini inayoacha kivuli machoni na chini ya kidevu.

Bafu lililopata mwanga linaweza bado kumtesa mtumiaji kwa maji yasiyoondoka. Sakafu inapaswa kuelekea kwenye tundu la kutolea maji kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na mteremko huo hutengenezwa kwenye zege la chini, kwa kuwa vigae hufuata tu umbo lililo chini yao. Ukikosekana, dimbwi hujikusanya nyuma ya mlango, fremu ya mbao huvimba na kuoza kuanzia chini, na mzee anayeamka usiku kwenda chooni hukanyaga utelezi asiouona. Kwa ajili ya mzee huyohuyo, vigae vya sakafuni viwe vyenye ukwaruzo, na bomba la kujishikilia lifungwe ukutani kabla hajaanguka mtu. Chini ya tundu huwekwa trapu, yaani kona ya bomba inayobakiza maji kidogo ili kuzuia harufu isipande, na fundi anayeiruka kwa kubana matumizi humwachia mwenye nyumba uvundo ambao hakuna dawa ya manukato itakayouondoa.

Tena, maji yenyewe ni ya mgao katika mitaa mingi. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika la kuhifadhia maji lililojengewa chooni, ambamo viliwekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na sahani ya kauri ya China ilipachikwa chini yake. Bafu la kisasa lisilo na mahali pa heshima pa kuhifadhi maji huishia kuwa na ndoo na madumu katikati ya njia, jambo linaloumiza kuliona katika chumba kilichogharimu mamilioni.

Kwa hiyo ukuta utobolewe, mabomba yabadilishwe na sakafu imwagwe, kisha ndoo moja ya maji imiminwe mlangoni, fundi na mwenye nyumba wakiwa wamesimama pamoja kutazama yanaelekea wapi, kabla kigae cha kwanza hakijalazwa.